Ng'ombe Aliyekufa Akapita Kwenye Filamu Yangu

Ndiyo, ni mimi. Mkisikia sokoni Bariadi watu wanachekea habari za mwanamke aliyeonyesha filamu, ng'ombe wa mama yake akafufuka mbele ya mgeni rasmi, msihangaike kuuliza ni nani, ni mimi Kabula, na mpaka leo nikipita kwenye vibanda vya chipsi hakosekani mtu wa kunilia "mooo", nami husimama nikamkazia macho mpaka arudi kwenye chipsi zake. Aibu niliipata, sikatai. Lakini aibu yangu ni ya uongo niliosema, siyo ya filamu niliyopiga, na hilo nalisema mapema kabisa kabla hamjaanza kunihurumia.

Kazi yangu ni video. Harusi, sendoff, kipaimara, na misiba ya wenye uwezo. Nilianza na kamera ya kuazima ambayo kioo chake kilikuwa na mkwaruzo, kwa hiyo mabibi harusi wengi wa mji huu wana mstari shavuni kwenye kumbukumbu zao (wawili wamewahi kuja kunigombeza, mmoja na mume wake). Lakini kilichokuwa kinaniuma rohoni siyo mabibi harusi. Kilichoniuma ni kwamba kila filamu ya kuonyesha uzuri wa nchi hii utaona mlima wenye theluji, utaona bahari, utaona simba amelala, halafu basi, imekwisha, na ukimuuliza mtu habari za Simiyu anakwambia, "Kule kuna nini? Tambarare na vumbi." Kuna nini! Mtu hajawahi kuiona pamba imefunguka mwezi wa sita mpaka macho yanauma, hajawahi kuona mto wenye mchanga mtupu watu wanachimba maji ndani yake, hajaona mbuga ya Mwamapalala baada ya mvua, mawingu yamekaa juu ya mawe makubwa kama yanataka kuzungumza nayo. Nikasema filamu hiyo nitaipiga mwenyewe.

Sasa kwa kamera gani?

Hapo ndipo anapoingia Shukrani. Shukrani ni ng'ombe wa mama yangu, mama anakaa Mwamapalala, na ng'ombe huyo mama alimpokea kwa mahari yangu siku nilipoolewa (ndoa yenyewe ilishakufa zamani, mume yuko Geita na mwenzangu, ng'ombe ndiye aliyebaki). Mwekundu, ana baka jeupe ubavuni, na pembe ya kushoto imeinama kuelekea chini. Haya ninawatajia kwa ufasaha leo. Wakati ule mngeniuliza, ningewaambia ana miguu minne.

Mwezi wa pili mdogo wangu alijifungua huko Mwanza na mama akaenda kumlea, akaniachia mji, kuku na Shukrani. Anapanda bodaboda huku ananiambia, "Mwangalie vizuri huyo, amepandwa," na mimi naitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku nasoma bei za kamera kwenye simu. Wiki mbili baadaye nikampeleka mnadani. Nilijiambia hivi: ng'ombe alikuja kwa ajili yangu, kwa hiyo ni wangu kidogo. Ona mtu mzima anavyojidanganya mchana kweupe! Akaja mzee mmoja mpole mwenye kofia, tukaelewana, akaondoka naye, na sikumuuliza anakaa wapi, maana mwizi haulizi anwani.

Halafu nikampigia mama simu nikamwambia Shukrani ameingia kwenye shamba la pamba lililopigwa dawa, amekula majani, amevimba, amekufa.  Mama akauliza, "Ngozi iko wapi?" Nikasema tumemzika na ngozi yake, bwana mifugo amekataza watu wasiguse kitu. (Huo ni uongo uliofikiriwa, jamani, nilikuwa nimeuandaa tangu asubuhi.) Mama akalia. Nilimsikia analia kwenye simu, na kichanga cha mdogo wangu kinalia nyuma yake, na mimi niko huku nimeishika kamera mpya bado ina nailoni.

Basi nikapiga filamu. Miezi mitatu nilizunguka mkoa huu, Ipililo nikalala kwa watu nisiowajua ili niwahi jua likichomoza juu ya mahindi, nikaungua mgongo, nikaumwa na siafu, na sauti ya maelezo nikairekodi mwenyewe ndani ya blanketi ili jogoo wa jirani asisikike. Picha bora kuliko zote niliipata mwezi wa tano nyuma ya mawe ya upande wa Lagangabilili: mawingu meusi, jua linapenya upande mmoja, mbuga yote ya kijani, na kundi la ng'ombe linatokea taratibu nyuma ya jiwe. Nilikaa na picha ile kwenye kompyuta wiki nzima, nikiikata, nikiirudisha, nikiiongezea rangi. Nilikuwa naangalia mawingu.

Mwezi wa saba ofisi moja ikaandaa maonyesho Lagangabilili ya filamu za kutangaza mandhari ya kwetu, na yangu ikachaguliwa ifungue. Na sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniua. Mama, ambaye alikuwa amesharudi Mwamapalala, hakutaka kuja. Alisema, "Pamba inaanguka chini, mimi nije kuangalia televisheni?" Mtu mwenye akili angesema sawa mama, chuma pamba yako. Mimi, kwa kiherehere changu, nikamtumia bodaboda, nikamnunulia kitenge, nikamkalisha safu ya pili nyuma ya mgeni rasmi, katikati kabisa, mahali ambapo macho yanaona vizuri kuliko pote.

Saa tisa alasiri, mahema yamejaa, skrini ile kubwa ya kukodi inang'aa hata juani. Filamu ikaanza, na nikagundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha: watu wa kwetu hawaangalii mandhari, wanaangalia mali. Sauti yangu inasema kwa madaha, "Tazama upeo wa macho usio na mwisho," na nyuma yangu mtu anasema, "Hilo si shamba la Maduhu? Mbona hajapalilia?" Mwingine anasimama kabisa, "Rudisha nyuma! Rudisha! Ule mpaka wa minyaa umesogezwa!" Nikawa nacheka peke yangu kwa raha. Nikasema moyoni, wanaona, mara ya kwanza wanaiona nchi yao.

Mama naye akaona.

Mawingu yakaja, jua likapenya, ng'ombe wakatokea nyuma ya jiwe, na wa mbele kabisa, mwekundu, baka ubavuni, pembe ya kushoto imeinama, akatembea mpaka akajaza skrini. Mama akasimama. Hakupiga kelele, alisema tu kama anayemsalimia mtu njiani, "Shukrani."

Na hapo hapo sauti yangu ya ndani ya blanketi ikatangaza kwenye spika nne: "Simiyu. Ardhi iliyo wazi. Ardhi isiyoficha kitu."

Nikaruka kwenye kompyuta kuizima. Nikabonyeza sijui nini, picha ikaganda, ng'ombe akabaki pale mkubwa kama nyumba, na kompyuta ikagoma isisikie kitufe chochote. Mama akapita katikati ya wageni, akampita mgeni rasmi, akafika kwenye skrini akaweka kiganja kwenye tumbo la ng'ombe. Mshereheshaji akasema, "Mama, tafadhali usiguse, kuna umeme." Mama hakumsikia. Akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Kabula. Ulisema mmemzika na ngozi yake."

 Nyuma kule akanyanyuka mzee mpole mwenye kofia, yule yule, ambaye kumbe anakaa hapo hapo nyuma ya mawe, akasema kwa adabu zote, "Samahani mama, mimi naitwa Jilala. Ng'ombe huyu nimemnunua mnadani, na aliyeniuzia ni huyo binti mwenye filamu."

Kicheko kilichotoka hapo, sijawahi kukisikia hata kwenye harusi. Watu walilala kwenye viti. Nilitazama nyuma ya hema nikaona njia ya kukimbilia, ilikuwa wazi kabisa, na miguu ilishaanza. Lakini nikawaza, nikikimbia leo nitakimbia mpaka lini, na filamu yangu nimwachie nani? Nikachukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji.

"Nilimuuza," nikasema. "Nikanunua kamera. Kamera yenyewe ndiyo iliyopiga hiki mnachokiangalia, na nilimdanganya mama yangu, na filamu ni nzuri."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Basi mama yako akamue kamera!"

Hapo hata mgeni rasmi alicheka, alifuta machozi kwa kitambaa.  Mama ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa ameshalirudia tumbo la ng'ombe pale kwenye skrini, akasema, "Huyu ana mimba kubwa. Nilikwambia amepandwa."

Mzee Jilala akaja mpaka mbele, akavua kofia. "Mwadila, mayu," akamsalimia mama kwanza kwa Kisukuma, mambo mengine baadaye. Akasema huyu amezaa juzi, ndama jike, mwekundu kama mama yake. Halafu akasema maneno ambayo mimi na kamera yangu tuliyasikia tukajiona wadogo: "Mimi nilinunua ng'ombe mmoja, mayu. Sikuambiwa ni wawili, na bei niliyotoa ni ya mmoja. Shukrani ni wangu kwa halali, lakini ndama sikumnunua. Akiacha kunyonya ni wa kwako."

Watu wakapiga makofi. Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, magoti yakakunjika kidogo kwa heshima. Nikasogea nikasema, "Mama, mimi nitakuja kumchukua, nitamleta nyumbani mwenyewe."

Mama akasema kwa Mzee Jilala, siyo kwangu, "Akae huku huku kwako, mzee wangu. Kwangu nyumbani kuna mtu."

Kicheko cha watu wote nilikivumilia. Hilo neno moja la kuniita "mtu" lilinichoma, na sidanganyi, nililia njia nzima kurudi Bariadi, na dereva wa bodaboda akadhani ni vumbi.

Kesho yake afisa aliyesimamia maonyesho akanipigia, mtu mstaarabu, akasema filamu wameipenda, wanataka kuionyesha na kwingine, ila ili kulinda heshima yangu nikate kile kipande cha ng'ombe, sekunde kumi na moja tu. Nikamwambia hapana. Akasema dada, fikiria. Nikasema nimefikiria, ile ndiyo picha bora ya Simiyu mtakayoiona, na pia ndipo mahali pekee mwaka huu mzima niliposema kweli bila kukusudia, nikiikata nitakuwa nimemzika Shukrani mara ya pili.  Basi akaichukua hivyo hivyo, na kila inapoonyeshwa kuna anayejua kisa akawasimulia wenzake, na mimi nakaa mbele, sijifichi.

Mama kwa muda mrefu hakuongea nami zaidi ya salamu. Lakini akija mjini kuuza kuku wake anapita ofisini kwangu, anakaa kwenye kiti cha wateja, anaweka kikapu chini, anasema neno moja tu: "Washa." Nawasha. Anaangalia mpaka Shukrani apite, halafu ananyanyuka, anachukua kikapu, anakwenda zake. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hivyo hivyo.

Nimeapa, na mnishuhudie: kitu cha mama sitakigusa tena hata kama kilikuja kwa ajili yangu, na mtu aliyechunga ng'ombe sitamdanganya habari za ng'ombe mpaka naingia kaburini. Kuikata filamu, hapana. Anayetaka kulia "mooo" alie.

Wiki iliyopita mama alikuja tena. "Washa." Nikawasha. Shukrani akapita, nikanyoosha mkono kuizima kama kawaida, na mama akanishika kifundo cha mkono. Akabaki amekaa. Mto ukapita, mahindi ya Ipililo yakapita, ikaja pamba imefunguka yote mpaka mwisho wa macho, majina yakapanda, jina langu likiwa la mwisho. Akachukua kikapu, akafika mlangoni, akasimama.

"Hapo kwenye pamba," akasema, "mkono wako ulitikisika."

"Ulitikisika, mama."

"Mwakani njoo upige ya kwangu. Mimi ninayo nyeupe kuliko hiyo."