Joto la Kompyuta ya Naserian

Mjukuu wangu Naserian huchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Majuzi aliongeza kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na volteji, yaani nguvu ya umeme wake, akapandisha. Ikawa inapata moto na kuzima. Akapunguza volteji, ikazima tena.

"Koko," akaniita bibi yake, "nisipomaliza ramani ya ile nyumba ya Isinya leo, kazi wanampa mtu mwingine."

"Punguza tena," nikamshauri, mimi niliyeachia shule darasa la pili.

Akaita fundi Musyoka. Musyoka akainama nyuma ya mashine, akafunua shuka yangu. Chini yake, boksi la vifaranga niliowaweka pale wapate joto lilikuwa limeziba njia ya hewa.

"Koko, hawa ni wako?"

"Hata siwajui."

Kifaranga mmoja akaruka nje. Nikapiga kelele, "Nashipae, rudi kwa wenzako!"