Chumba cha Samaki Mgeni

Shangazi yangu ni fundi wa vioo. Ukimwambia jambo haliwezekani, anakuuliza vipimo. Karakana aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na samaki mmoja mweusi, mkubwa kama paka, anayekaa kwenye tangi la sebuleni na kumkodolea macho kila anayeingia. Tunamwita Mwenyenyumba. Marehemu alimlea tangu akienea kiganjani, na kwa kuwa hawakujaliwa watoto, shangazi hana kingine kinachopumua alichoachiwa na mumewe.

Sasa akaja wifi yake, dada wa marehemu, ambaye mimi humwita Bi Sabuni, ila si mbele yake. Msafi wa kupindukia, na hodari wa kupanga nyumba za watu. Alikuja na pipa lenye samaki mwingine mkubwa, zawadi kutoka ofisi yao iliyokuwa ikifungwa.

"Mtie humo na mwenzake, wifi, nimwone kabla sijavua viatu."

"Hapana. Huyu atakaa peke yake kwanza. Sijui amekuja na ugonjwa gani."

"Mbona anang'aa?"

"Ang'ae hukohuko kwake."

Karakanani kulikuwa na tangi pana la mteja aliyetokomea. Tukalibeba hadi chumba cha nyuma, kile alichougulia marehemu na kikohozi chake, ambamo siku hizi Bi Sabuni hulala akija.

"Yaani mimi nilale sebuleni, samaki apewe chumba?"

"Sebuleni kuna feni," shangazi akasema.

Akajaza maji yaliyolazwa mapipani ili dawa ya maji ya bomba ipungue. Akaweka hita, pampu ya hewa, bomba nene la plastiki la mgeni kujifichia, na kifuniko chenye tofali juu, maana samaki wa ukubwa ule huruka. Ndoo na wavu wa chumba kile akavifunga kitambaa chekundu, visije vikagusa tangi la sebuleni.

Lilibaki sponji la kuchujia maji ya mgeni. Lilikuwa limekaa muda mrefu kwenye tangi la Mwenyenyumba, likajaa utando wa vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Bila hivyo, mgeni angeogelea kwenye sumu yake mwenyewe. Shangazi aliliacha kwenye beseni akaenda kupokea mteja. Kurudi, Bi Sabuni amelisugua kwa sabuni hadi linanukia malimau.

"Nimekusaidia, wifi. Lilikuwa linatia kinyaa."

Nilitaka kupiga kelele. Shangazi alifumba macho, akayafumbua.

"Umeua vyote."

"Basi mtie kwa mwenzake, yaishe!"

"Hata ungeisugua nyumba nzima, haingii."

Ikawa kila asubuhi na jioni tunabadilisha maji kwa ndoo, mgongo unaniuma, nalalamika, nabeba. Bi Sabuni akawapigia ndugu simu kwamba ujane umemvuruga wifi yake akili. Alisema kwa sauti, makusudi. Shangazi alisikia na ilimuuma, nilimwona. Ndoo hakuitua.

Asubuhi moja tukamkuta mgeni ana madoa meupe mwili mzima, kama aliyenyunyiziwa chumvi, mapezi ameyabana. Sebuleni Mwenyenyumba alikuwa akigonga kioo anadai chakula, mzima kabisa. Nilifurahi kwa kisirani, sioni haya kusema.

Bi Sabuni alikuja akaishia mlangoni, kitambaa puani.

"Kumbe kweli mgonjwa! Mtupe basi, wifi. Unakaaje humu naye?"

Shangazi alikuwa amepiga magoti anaongeza joto la hita, dawa ya madoa yale. Hakugeuka.

"Ulisimama hapohapo," akasema. "Na kitambaa puani hivyohivyo. Kaka yako akakuita kwa jina, hukuingia. Mlitaka nimpeleke mbali, msimsikie akikohoa. Sikumpeleka. Na huyu simtupi. Nimemtenga ili apone, na hapa atauguzwa mpaka mwisho wake, uwe wowote."

Bomba la hewa lilitoa mapovu. Bi Sabuni alishusha kitambaa, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Niliogopa, wifi," akasema.

"Hata mimi niliogopa. Nikaingia." Shangazi akainuka, akamsukumia ndoo yenye kitambaa chekundu hadi kizingitini. "Maji yanataka kubadilishwa. Unaingia au huingii?"

Bi Sabuni alivua viatu, akaokota ndoo, akaingia.