Casilda na Njia ya Msalaba Gerezani

Casilda Choque alichaguliwa kiongozi mkuu wa wanafunzi katika shule ya masista pale Potosí, mji wa baridi wa milimani, akiwa na miaka kumi na sita. Hakuwa msemaji. Wenzake walimpa kura kwa sababu msimu wa baridi uliopita, mabomba ya maji yalipoganda, yeye ndiye aliyewapanga wasichana kuchota maji kwa majirani, na hakuna aliyegombana na mwenzake.

Kiongozi pale hakuwa wa kupiga kengele tu. Aliongoza sala za asubuhi, akakaa na wadogo wa katekesi Jumamosi, na kila Kwaresima alilipangia darasa la Kipaimara tendo moja la huruma. Mwaka ule darasa liliamua kwenda kusali Njia ya Msalaba gerezani, pamoja na wafungwa.

"Kwa nini tusiende kwa wazee?" Casilda aliuliza. "Wazee hawana wa kuwatembelea."

"Kiongozi wetu anaogopa wezi!" alidakia Nieves, rafiki yake mwenye mdomo kuliko wote. "Usijali, mama, nitakushika mkono."

Darasa zima likacheka. Casilda naye akacheka.

Baba yake, Demetrio, alikuwa mle gerezani mwaka wa pili. Alikuwa dereva wa lori. Siku ya karnivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, alikunywa, akashika usukani, na kwenye barabara iendayo mji wa Sucre akamgonga mwanamke aliyekuwa akirudi kutoka kuuza viazi. Mwanamke alifariki palepale. Shuleni, Casilda alikuwa amesema baba yuko Argentina anachuma zabibu. Mama yake alikwenda gerezani kila Jumapili na chungu cha supu ya karanga, yeye akabaki nyumbani akisingizia masomo.

Alimfuata Sista Anselma, mwalimu wao wa dini, jikoni kwa masista, akamkuta anamenya viazi.

"Sista, naomba Nieves aongoze siku ile."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi umepatwa na nini?"

Casilda akakaa kwenye kigoda, akashika kisu cha pili, akamenya viazi vitatu. Kisha akasema yote. Sista hakuacha kumenya.

"Sikulazimishi, mwanangu. Ukitaka kubaki nyumbani, nitawaambia una homa, na uongo huo nitauungama mwenyewe kwa padre. Amenizoea." Akamtazama. "Lakini hebu niambie. Huyo mama yako Jumapili huwa anakwenda kumwona muuaji?"

"Anakwenda kumwona baba."

"Haya. Nipe hicho kiazi kikubwa, usikikate vipande."

Ijumaa walikwenda, Casilda akiwa mbele. Ua wa gereza ulikuwa na jua kali na upepo wa kukata masikio. Mzee Fermín, mfungwa ambaye wenzake walikuwa wamemchagua awasemee, aliwapokea kofia mkononi. Nyuma yake ulisimama msalaba wa mbao, mpya, bado unanukia maranda.

"Huu ametuchongea fundi wetu," alisema. "Choque, sogea wakuone."

Demetrio akasogea. Alikuwa amekonda, na nywele zimeanza mvi. Alimwona bintiye, na macho yake yakahamia ukutani saa ileile.

"Choque!" Nieves alimgusa Casilda ubavuni. "Kumbe ni ndugu yako!"

"Akina Choque mjini hapa ni wengi kama mawe, binti," Demetrio alijibu upesi. "Hatujuani."

Ibada ikaanza. Kila kituo, mwanafunzi mmoja na mfungwa mmoja walibeba msalaba. Walipofika pale Simoni anapomsaidia Yesu kubeba msalaba, mzee Fermín akasema fundi na kiongozi wa wanafunzi ndio wabebe. Demetrio aliinama kuushika, akanong'ona bila kuinua uso, "Pita tu, mwanangu. Usinijue."

Casilda alifungua kitabu asome. Akakifunga. Akageuka.

"Nieves, soma wewe." Akaushika msalaba upande wa pili, akasema kwa sauti iliyofika hadi langoni, "Huyu ni baba yangu."

Demetrio akaachia mkono mmoja, akajifunika uso kwa kofia.

"Wewe Choque," mzee Fermín akamwambia polepole, "shika mti huo. Utamwachia mtoto peke yake?"

Wakaenda nao hadi kituo cha mwisho; wengine wote wakawaachia zamu zao.

Jumatatu shuleni hakukukosa maneno. "Zabibu za Argentina zimeiva?" msichana mmoja alimuuliza kwenye ngazi. Casilda akasimama mbele ya darasa akaomba radhi kwa uongo ule. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba binti wa muuaji hafai kuongoza sala. Sista Anselma akawauliza wasichana wenyewe, akatoka nje ili waongee.

"Mimi nilimwita mwoga," Nieves alisema. "Nani humu angeweza lile? Mimi nisingeweza." Wakamwacha katika nafasi yake.

Ijumaa iliyofuata, kwenye sala za asubuhi, Casilda aliombea marehemu Saturnina. Wadogo walipouliza ni nani, aliwaambia ni yule mama aliyegongwa na baba yake. Aliendelea kumtaja kila Ijumaa hadi alipomaliza shule. Siku moja yeye na mama yake walikwenda na mkate nyumbani kwa marehemu. Binti wa marehemu aliwatazama dirishani, hakufungua mlango. Hawakumlaumu. Walirudi na mkate wao.

Demetrio alitoka miaka miwili baadaye. Hakuendesha gari tena. Hadi leo anatengeneza madawati na milango. Casilda naye ni mwalimu wa dini katika shule moja juu kule, mtaa wa wachimba madini, na kila Kwaresima hulipeleka darasa lake gerezani.

"Mwalimu, ni lazima?" mwaka huu mwanafunzi mmoja alimuuliza.

"Si lazima," alisema Casilda. "Ila mtakaokuja vaeni soksi nzito. Ule ua una baridi."