Daftari la Kimya

Nyumbani walimwita Profesa tangu akiwa darasa la tatu, na jina likamkaa. Kila muhula alishika nafasi ya kwanza bila kujichosha. Alipitia daftari mara moja asubuhi ya mtihani, basi. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa na swali moja tu siku ya ripoti: "Umekuwa wa ngapi?" Naye alijibu, "Wa kwanza," kwa sauti ya kuwafikia majirani. Kushona hakukugusa. Akiitwa kusaidia kufumua nguo zilizoharibika, alisema, "Nasoma, Mama," na Mama alimwacha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa miaka minane mfululizo.

Kisha akaingia darasa la hesabu za juu, yeye pamoja na Kimya.

Kimya alikuwa binti wa mama yake mdogo, aliyekuja kuishi nao mwaka uliopita kwa sababu kwao shule ilikuwa mbali. Walilala chumba kimoja, wakavaa sweta moja kwa zamu. Kimya hakuwahi kuwa wa kwanza popote. Akitoka shule alikaa na Mama kwenye benchi la cherehani, wembe mkononi, akifumua mishono. Profesa alimpenda sana, kwa kuwa hakumwona kama mtu wa kumshinda.

Jaribio la kwanza likarudi. Kimya sabini na nane. Profesa thelathini na moja.

"Atakayepata chini ya hamsini jaribio la pili anarudi darasa la kawaida," mwalimu akasema. "Sitaki kubembelezana."

Profesa aliikunja karatasi mpaka ikaenea kiganjani. Hakulilia alama zake; alililia za Kimya. Alimwonea kijicho hata kwa namna alivyochonga penseli. Nyumbani Mama alipouliza wa ngapi, akajibu, "Hawajapanga nafasi." Kimya alisikia uongo ule, akanyamaza. Hilo nalo likamuudhi Profesa.

Akaanza kusoma kwa hasira. Alisoma mifano iliyokwisha kukokotolewa kitabuni, akitikisa kichwa: naam, naelewa, naelewa. Akifunga kitabu na kujaribu swali jipya, hamna kitu. Kimya yeye aliandika tu kila jioni kwenye daftari la jalada la kijani, akaliweka chini ya mto. Kikulacho ki nguoni mwako, Profesa alijisemea, na sweta lenyewe wanavaa moja! Kuna mtu anampa majibu, na yamo humo.

Siku nne kabla ya jaribio la pili alilichukua, akalizamisha kwenye gunia la vipande vya vitambaa, nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea.

"Dada, hujaona daftari langu?" Kimya aliuliza, magoti chini, akichungulia mvunguni.

"La nini? Wewe si unajua yote?"

Kesho yake, Mama na Kimya walipokwenda kununua uzi, Profesa alilifungua. Majibu hayakuwemo. Yalikuwemo makosa. Kurasa kwa kurasa za maswali aliyokosa, kila moja limeandikwa upya. Kisha Kimya amerudi nyuma kutoka kwenye jibu, mstari kwa mstari, hadi ulipoharibika. Hapo amepiga duara na kuandika sababu: nilisahau kubadilisha alama; nilikimbilia kanuni. Halafu ameanza tena kuanzia pale. Na juu ya kila ukurasa maneno yaleyale: *Mama mkubwa anauliza, umekosea wapi? Fumua mpaka palipopinda, usifumue nguo nzima.*

Mama mkubwa. Yaani mama yake yeye!

Profesa aliketi juu ya gunia. Zile alama angeweza kuzisamehe. Lakini swali hili Mama hakumuuliza hata siku moja, akaenda kumpa mtoto wa mdogo wake. Wivu ulimpanda upya. Alikuwa ameshika ukurasa wa kwanza auchane, Mama na Kimya wakarudi na kumkuta.

"Nililificha mimi," alisema. Kisha yakamtoka yaliyokuwa moyoni: "Mbona yeye unamuuliza amekosea wapi, na mimi huniulizi?"

Mama aliweka uzi mezani polepole.

"Wewe ulikuwa hukosei, mwanangu. Kila siku wa kwanza. Ningeanzia wapi?"

Kimya alilichukua daftari, akahesabu kurasa, uso umekunjamana kwa hasira ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

"Jana na leo, Dada. Siku mbili umeniharibia."

"Nisamehe."

Kimya hakusema amesamehe. Aliketi kwenye benchi, kisha akasogea hadi ikabaki nafasi ya mtu mmoja. Profesa akaenda chumbani kuleta ile karatasi iliyokunjwa. Kwa siku tatu aliifumua thelathini na moja yake, mstari kwa mstari, akiona aibu kila alipopiga duara.

Jaribio la pili: Kimya themanini na nne, Profesa hamsini na tatu. Darasa lilimpigia Kimya makofi. Profesa naye alipiga, na wivu ulikuwa palepale, haujaenda popote.

Nyumbani walimkuta Mama akigeuza kola ya shati. Profesa alikuwa amejiandaa njia nzima kulitamka jibu lake bila kulia: wa kumi na saba. Mama hakuuliza hilo. Alinyoosha mkono kuomba karatasi, akaikunjua juu ya cherehani.

"Haya, mwanangu," akasema. "Umekosea wapi?"