Siku za Kumteremsha Mwanangu

Majirani zangu ni watu wema, na wema wao umenifungia ndani. Nasema hivi bila kupamba, maana nimechoka kushukuru.

Nakaa Mji wa Kale, ghorofa ya juu kabisa, kwenye nyumba ambayo ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima. Binti yangu ana miaka kumi na sita. Hasemi, ila ana sauti zake ambazo mimi nazielewa, na akili yake inakua kwa mwendo inaoutaka yenyewe. Mwili haukuingoja. Amenipita urefu na uzito, na akiingiwa na woga hukaa chini papo hapo alipo, akalia, na mimi peke yangu siwezi kumwinua. Babake yuko Uarabuni kikazi. Kila akipiga simu huuliza, "Hamjambo huko ndani?" Haulizi huko nyumbani, huuliza huko ndani, na wala hajui kwamba maneno hayo yananichoma.

Kila asubuhi nateremsha kapu kwa kamba kutoka dirishani. Jirani wa chini, mwanamke mtu mzima ambaye mtaa mzima twamwita bibi, hulijaza. Mahamri na mbaazi, samaki kutoka soko la Liwatoni akiwa ameshaparwa magamba, limau ambalo sikuliomba. Dawa za mwanangu huletwa na wanaume wa barzani, wale wanaokaa kwenye barza ya mlangoni kwetu na kahawa yao. Nikipiga chafya, tangawizi hupanda. Anayesema watu wa siku hizi hawasaidiani, mleteni kwetu aone. Lakini katika miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka kushuka. Hata leso zangu za kujitanda wamenichagulia wao, huko Biashara Street. Rangi ya machungwa siipendi, na kabati langu limejaa leso za rangi ya machungwa.

Mtu wa kwanza kuja na jambo jingine alikuwa mhudumu wa jamii, mama mmoja Mkristo wa upande wa Kaloleni anayekaa ng'ambo na kuvuka kila siku kuja kazini kisiwani. Yeye na wenzake hutembelea familia zenye watoto kama wangu. Kila Jumatano aliketi mkekani na mwanangu, akamfundisha kukunja leso. Pindo juu ya pindo, kwanza mkono wake juu ya mkono wa mtoto, kisha kidole kimoja tu, kisha hata kidole hamna. Ilichukua miezi. Siku mwanangu alipokunja leso nzima peke yake, alinitazama, akajipigia makofi. Nilikwenda jikoni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshaacha kutarajia kwamba atajifunza kitu. Tangu siku hiyo niliingoja Jumatano kama watu wanavyoingoja Idi.

Kisha siku moja akaja, hata chai hakuigusa.

"Dada," akaniambia, "sisi ni wachache na nyumba ni nyingi. Mwezi ujao hatutembei tena majumbani. Tumepewa chumba cha chini nyuma ya Biashara Street. Watoto watakuja pale, na kina mama watapokezana. Huyu anakaa na watoto, yule anaenda zake kufanya shughuli."

"Na asiyeweza kuja?"

"Nafasi ya binti yako nitaishikilia mwezi mmoja. Zaidi ya hapo nitalazimika kumpa mwingine, dada. Wako wengi wanaongoja."

Matajiri wa Kizingo wangempakia mtoto garini humo humo uani. Uchochoro wetu hata tuktuk haiingii. Ilikuwa lazima mwanangu ashuke ngazi, atoke mlangoni, apite mbele ya barza na atembee mpaka barabarani. Mhudumu alinifundisha la kufanya. Akikaa chini, usimvute. Kaa kando yake. Muache alie, woga utapungua wenyewe, kisha atainuka. Bibi alipopata habari alinipandia mpaka juu, magoti yake mabovu hayo hayo.

"Kwani wakosa nini, mwanangu?" akaniuliza. "Wataka nini tusichokuletea?"

Nilikuwa na jibu, lakini halikuwa la adabu. Nikamkaribisha maji.

Jumatano ya kwanza tulishuka ngazi moja baada ya nyingine, yeye kwa makalio, mimi mbele yake. Tulipotokeza nje mkokoteni wa maji ukapita, akakaa chini katikati ya njia, akaanza kulia. Nikachutama kando yake kama nilivyofundishwa. Wanaume wa barzani walikuwa wameshaweka vikombe chini.

"Maskini, mtoto wetu asiaibike ndiani," akasema mmoja wao.

Kabla sijafungua kinywa bibi ameshamfunika leso mwili mzima, na wao wamemnyanyua, mmoja kashika miguu. Walimpandisha ngazi zote huku wakihema, wakamlaza kitandani pake, nyuso wameziinamisha chini kwa adabu wasije wakaangaza chumba cha wanawake. Bibi akafuata na sharubati. Pumzika sasa, akaniambia. Nikasema ahsanteni. Mlango waliurudisha polepole usije ukatushtua, nami nikasimama nyuma yake nikiuma leso yangu kwa hasira. Mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Hawa ungewaambia nini?

Jumatano ya pili walifanya vile vile, tena kwa haraka zaidi, maana sasa walikuwa wazoefu. Ya tatu mwanangu alikuwa na homa. Ikabaki moja.

Siku ya Jumanne baada ya sala ya alasiri, nilifungua dirisha nikafanya jambo ambalo mwanamke wa uchochoro wetu hafanyi. Nilipaza sauti kuwaita wanaume barzani, na bibi akiwa papo hapo mlangoni pake.

"Nasema nanyi nyote," nikawaambia. "Kesho nashuka na mwanangu. Atakaa ndiani, atalia. Naomba mtu asimguse. Muateni alie."

Mzee wao akainua uso.

"Alie hata lini, binti?"

"Hata ainuke mwenyewe, ami."

"Nawe ndivyo utakavyo?"

"Ndivyo nitakavyo."

"Haya," akasema. "Hatumgusi."

Kesho yake tukashuka. Alikaa pale pale, akalia kwa ile sauti yake ya juu inayokwaruza kuta. Nami nikakaa chini kando yake, buibui langu vumbini. Hakuna aliyesogea. Mmoja alikuwa na kikombe mkononi na hanywi. Mwingine alijigeuza akatazama ukuta, tasbihi inakwenda mbio vidoleni. Bibi alikuwa amejiziba mdomo kwa leso na machozi yanamtoka, lakini miguu yake haikuvuka kizingiti. Mama mmoja asiyetujua alipita na mtoto wake, akamfunika macho.

Walikuwa wamenipa nilichokitaka. Mwanangu alijipiga kidevu kwa kiganja, tena na tena, na mimi ndiye niliyekataza asiguswe. Nilisubiri woga upungue. Nadhani sauti ilikuwa imeanza kushuka. Nadhani aligeuza uso mara moja akatazama upande wa barabarani, kule nilikotaka twende. Kilio cha mwanangu nilikuwa nimezoea kukisikia ndani ya kuta zangu, mlango umefungwa. Pale nje, mbele ya watu, siku ile ya mwisho, sikuweza kukivumilia.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

Aliinuka mara moja. Hakushikwa, hakuvutwa. Alipangusa uso kwa mkono wa nguo, akanipita, akapanda ngazi zote mbele yangu kwa miguu yake mwenyewe, mwepesi, akiimba ile sauti yake ya furaha. Nikamfuata juu, nikafunga mlango mwenyewe kwa ufunguo. Nilisikiliza. Kule chini walikuwa bado kimya wote, wananitii.