Turubai Lililolinyima Bwawa Jua

Saa moja asubuhi, Yotham Chidawali anapiga goti ukingoni mwa bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini Dodoma. Anainua pembe ya turubai, anatumbukiza kipimajoto kilichofungwa kamba, anasubiri, kisha anakisogeza karibu na macho.

"Kumi na tisa," ananiambia, na kuandika kwenye daftari.

Leo hakuna atakayeogelea. Hakuna aliyeogelea tangu katikati ya Juni, na Jumatatu lori la kwanza la kifusi linakuja kulifukia bwawa pawe maegesho ya magari. Kazi ya Yotham, mwenyeji wa kijiji cha Gulwe mwenye miaka 52, itafukiwa humo humo.

Amelitunza bwawa hili miaka kumi na saba, tangu hoteli ikiwa ya shirika la umma. Upepo mkavu wa Dodoma anaujua: ukipita juu ya maji usiku kucha, huondoka na joto lake. Kwa hiyo kila jioni alilifunika kwa nailoni, na asubuhi aliifunua.

"Usiku unalifunika kama mtoto, mchana unaliacha liote jua. Hata wakati wa Bunge la bajeti, baridi yote ile, maji yalikuwa nyuzi ishirini na nne. Waheshimiwa walikuwa wanapishana hapa."

Mwaka jana, 1997, hoteli ikauzwa kwa mtu binafsi. Wafanyakazi 41 wakabaki 14. Meneja mpya, Gaudence, alikuta nailoni imechakaa. Akaleta turubai zito la lori na kuagiza bwawa lifunikwe mchana na usiku, vumbi lisiingie.

Vumbi kweli halikuingia. Jua nalo halikuingia.

Yotham aliligundua hilo ndani ya wiki moja. Daftari lake linaonyesha: 24, 23, 22, 21. Hakumwambia meneja.

"Alipoagiza, nilijibu, 'Sawa, bosi.' Wenzangu walikuwa wanaitwa ofisini mmoja mmoja, wanatoka na bahasha ya kuachishwa. Nani angekwenda kubishana habari za turubai?"

Evarista, wa mapokezi, anakumbuka wageni walivyokuwa wakichovya kidole cha mguu na kurudi chumbani. "Walituuliza kama tunatia barafu," anasema. Hacheki.

Wiki iliyopita, tangazo la maegesho lilipobandikwa, ndipo Yotham alipopeleka daftari ofisini. Gaudence alilisoma kurasa zote.

"Mzee Yotham, mbona hukuniambia?" aliuliza. "Mimi nimetokea kwenye biashara ya mbao, mambo ya maji ningeyajulia wapi? Mwenye hoteli ameshaamua."

Nilitaka kumkasirikia meneja, nikashindwa. Kumkasirikia Yotham nilishindwa zaidi.

Kijijini Gulwe, Yotham ana ekari mbili za mtama, na mgongo usiopenda tena jembe. Atarudi huko na mkewe, Anastazia. Hotelini ameomba jambo moja tu: Jumamosi na Jumapili aliondoe turubai mchana, na alirudishe jioni kama zamani. Gaudence amekubali.

Jumatatu, kabla kifusi hakijamwagwa, atapima mara ya mwisho. Mstari ameshauchora daftarini, tarehe ipo, nafasi ya namba ameiacha wazi.

Namuuliza anatumaini kukuta nini. Anafuta kipimajoto kwa pindo la shati.

"Naomba Mungu nikute baridi ile ile," anasema. "Maji yakiwa yamepata joto, mwanangu, nitaishi vipi na lile 'Sawa, bosi' langu?"