Madumu Yangu Kwenye Seva

Kalista amenisumbua wiki nzima. "Bibi andika, kijitabu cha chama kinakungoja wewe tu." Mkono wangu umezoea kurina asali, si kalamu, na herufi zangu zinayumba kama mlevi anayerudi kwake Magamba. Lakini akiandika mtu mwingine atanipunja. Basi nimekaa, naandika.

Mimi Specioza ni mwonjaji wa chama chetu cha wafuga nyuki. Mzigo ukifika kutoka Ugalla au Mwese, nachovya kijiti, naweka ulimini, nasema: hii safi, hii ina moshi, hii imetiwa maji. Zamani nilikuwa nasema kwa mdomo na Kalista, karani wetu, anaingiza kwenye kompyuta. Nikakataa. Kila mtu pale ofisini ana kioo chake cha kompyuta, mimi niwe kasuku? Wakanipa changu, wakanifundisha kuandika jina langu na neno la siri, kisha kubonyeza daraja la asali, A ama B. Nilivyotembea siku ile ungedhani nimechaguliwa mbunge.

Vioo vyote vinategemea kompyuta moja kubwa chumba cha nyuma, wanaiita seva. Ikaanza kuugua. Mizigo ikizidi tu, inaandika "kumbukumbu imejaa", inakufa. Kalista anaizima, anaiwasha, inapona. Kesho yake yale yale. Wakaifuta vumbi. Wakainunulia feni. Wakaiongezea kumbukumbu, ikatulia kidogo, ikarudia.

Wanunuzi wa siku hizi hawabebi asali isiyo na karatasi ya kuonyesha imetoka mzinga wa nani. Mashine ikifa, lori linasimama. Mwenyekiti wetu, Japhet, akachoka: "Karani ndiye anaiharibu. Jumatatu tutafute mwingine." Kazi hiyo ndiyo Kalista anayolelea wadogo zake. Na mimi, mjumbe wa kamati, nikadakia kwa sauti kuliko wote: "Hawa wasichana wanajaza muziki mle!" Kalista akaniangalia. Aliomba tu aitwe fundi kwanza.

Akaja Nyanda kutoka Mpanda mjini. Akatutoa wote nje, tusiguse kitu. Tukasimama juani kama wanafunzi waliochelewa. Baadaye akatoa kichwa mlangoni.

"Mmetoka wote?"

"Wote!"

"Mbona seva inasema ndani wamejaa watu?"

Nikaanza kusali.

"Nani hao?" Japhet akauliza.

"Malale yupo mmoja, Dorice wa risiti mmoja. Waliobaki wote ni Bibi Specioza."

Malale, mpimaji wetu, akainama mbele yangu: "Shikamoo Bibi. Shikamoo Bibi. Shikamoo na wewe Bibi wa nyuma kule." Wakacheka mpaka wenye asali barabarani wakaja kuangalia.

"Bibi," Nyanda akasema, "ukimaliza mzigo unabonyeza Toka?"

"Nitoke niende wapi? Siku ya kwanza mashine iliniambia nafasi zimejaa, nisubiri, mimi! Tangu hapo kila mzigo nafungua dirisha jipya, la zamani naliacha. Kwani wewe ukienda kupika unaondoa dumu lako kwenye foleni ya bomba? Unaliacha likushikie nafasi."

"Bibi, dumu la foleni halinywi maji. Hapa kila dirisha uliloacha linakula kumbukumbu. Umepanga madumu mpaka bomba halionekani."

 Nikamgeukia Japhet. "Karani habanduki. Kama ni kufukuza, anza na mimi, na ujipange, maana tuko wengi."

Kalista akabaki. Nyanda akaitengeneza seva, sasa dirisha lililoachwa linajifunga lenyewe. Mateso yangu ndiyo hayo: kila nikiinuka, narudi kuandika neno la siri upya, herufi ndogo kama mayai ya sisimizi, huku foleni ya wenye madumu ya asali inanipumulia mgongoni. Kalista akija kunisaidia namfukuza.

Sasa wewe uliyecheka mpaka hapa, lipa kicheko chako. Niletee miwani ya kusomea, yenye kamba ya shingoni. Usimpe Kalista anifikishie, ataniandikisha kitu kingine. Ilete mwenyewe.